Lita na kilo: Lori la mafuta kutoka bohari hadi mizani

Makala hii tumeitayarisha katika kitongoji cha Malvern, mashariki mwa jiji la Johannesburg nchini Afrika Kusini. Wanaolifahamu jiji hili watakumbuka kwamba Malvern imepitiwa katikati na barabara ya Jules, ile inayonyooka kutoka Jeppestown kuelekea mashariki kana kwamba imepigwa rula, ikiwa na gereji, maduka ya vipuri, wauzaji wa magari yaliyotumika na vituo vya mafuta. Kusini kuna barabara kuu ya M2 na maeneo ya viwanda ya Cleveland na Heriotdale. Kwa hiyo mkazi wa hapa, awe Mzulu, Mzimbabwe, Mkongomani wa Kivu au Mtanzania, hahitaji kuelezwa lori la mafuta linafanana vipi. Hupita dirishani kwake usiku, na glasi kabatini hutikisika.

Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Tanga, aliyaendesha malori hayo kwa miaka mingi kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi, kupitia Tunduma, Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Leo anakarabati matela katika gereji moja isiyo mbali na hapa. Amenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, nami humwita kaka. Nilipomwuliza kwa nini madereva wengi huiogopa mizani kuliko wanavyouogopa usingizi, alinisahihisha kwa upole. Mizani haina kosa, alisema. Kosa liko katika hesabu iliyofanywa kabla lori halijafika kwenye mizani. Hesabu hiyo ndiyo tunayokusudia kuifafanua leo, kwa sababu mara nyingi anayetozwa faini au kupoteza kazi ni dereva, ilhali waliokosea hesabu ni watu wengine ambao wakati huo wamelala majumbani mwao.

Mpenzi msikilizaji, mafuta huuzwa na kununuliwa kwa lita. Mwenye kituo huagiza lita, mwenye lori hulipwa kwa lita, na tangi lenyewe huandikwa ubavuni idadi ya lita linazoweza kubeba. Barabara, kwa upande wake, haijui lita. Inajua kilo tu. Na lita moja ya mafuta haina uzito mmoja. Lita ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740, na lita ya dizeli takriban gramu 840. Tofauti ya gramu 100 ni ndogo mno mtu anapojaza jaba la jenereta, lakini katika tangi la lori ni tofauti ya tani kadhaa.

Tuchukue mfano wa lori lenye kichwa kimoja na matela mawili yaliyounganishwa, aina inayoonekana kila siku katika barabara za Afrika Kusini. Tuseme likiwa tupu lina uzito wa tani 21. Sheria ya nchi hii inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56, kwa hiyo zimebaki tani 35 za mzigo. Tani 35 za petroli ni lita 47,000 na ushei. Tani 35 za dizeli hazifiki hata lita 42,000. Sasa tangi ni lile lile, na dereva amezoea kulijaza petroli lita 47,000. Siku moja bohari inampakilia dizeli, na mpakiaji anajaza hadi alama ile ile. Lori hilo linatoka getini likiwa na zaidi ya tani 60, yaani limezidisha takriban tani nne na nusu, na hakuna hata tone moja lililomwagika wala aliyeiba chochote. Macho hayaoni tofauti yoyote. Itaonekana kwenye mizani ya Heidelberg katika barabara ya N3, au ya Mantsole katika N1 kwa anayeelekea kaskazini.

Hata hivyo, kuwa chini ya tani 56 peke yake hakutoshi. Sheria huangalia pia kila ekseli inabeba kiasi gani. Nchini Afrika Kusini ekseli ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 7.7, ekseli moja yenye matairi mawili kila upande, tani 9, ekseli mbili zinazofuatana, tani 18, na tatu zinazofuatana, tani 24. Kisha kuna kanuni ya madaraja, ambayo madereva wachache huijua kwa hesabu ingawa wote huijua kwa matokeo yake: umbali kati ya ekseli ya kwanza na ya mwisho, kwa mita, huzidishwa mara 2,100, kisha huongezwa 18,000, na jibu ndizo kilo zinazoruhusiwa. Anayetaka kubeba tani 56 kamili anahitaji zaidi ya mita 18 kati ya ekseli hizo. Gari fupi lenye mzigo huo huo lingeukandamiza mzigo wote mahali pamoja juu ya daraja, na ndiyo sababu malori haya ni marefu.

Huenda msikilizaji akajiuliza kwa nini serikali zihangaike na tani moja au mbili. Jibu lilipatikana kwa gharama kubwa huko Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi walipojenga barabara za majaribio na kuyazungusha malori juu yake kwa karibu miaka miwili hadi barabara zikachakaa. Waligundua kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito. Hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Ukiongeza mzigo wa ekseli mara mbili, uharibifu huongezeka mara kumi na sita. Ekseli inayotakiwa kubeba tani 9, ikibeba tani 10, huiumiza barabara zaidi kwa takriban nusu nzima.

Na hapa ndipo jambo hili linapomgusa msafiri atokaye kwetu. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, nayo imeweka ukomo wa tani 56. Mtu anaweza kudhani basi kwamba mambo ni mamoja toka Vigwaza hadi Johannesburg. Sivyo. Katika sheria ya Afrika Mashariki ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, na ekseli moja ya kusukuma yenye matairi mawili kila upande tani 10. Lori lililopita Vigwaza na Makambako bila kuulizwa neno linaweza kusimamishwa Afrika Kusini kwa sababu ya ekseli ya mbele, ingawa uzito wa jumla haukubadilika hata kwa kilo moja. Dereva aliyelizwa na jambo hili mara moja hujifunza kusoma karatasi ya mizani mstari kwa mstari, si ule wa mwisho tu.

Nikumbushe pia, kwa wale wenye umri wa kukumbuka, kwamba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia iliwahi kulipa deni la mafuta kwa namna ya kutisha. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, na kwa karibu miaka mitatu malori yaliyabeba kwa mapipa kupitia njia ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa ya vumbi na matope. Madereva waliiita njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 mzigo huo ulipungua.

Turejee kwenye lori letu. Kuna jambo moja ambalo kaka yangu wa Tanga alilieleza kwa kutumia rula na kifutio juu ya meza, nami nakiri kwamba kabla ya hapo sikulijua. Tangi la mafuta haliko wazi kama pipa. Limegawanywa vyumba vinne, vitano au zaidi, na kila chumba kinaweza kushushwa kivyake katika kituo tofauti. Tuseme lori lenye tela moja limetoka bohari likiwa halali kabisa kwenye kila ekseli. Linafika kituo cha kwanza hapa barabara ya Jules na kukimwaga chumba cha nyuma kabisa, chenye tani tano. Uzito wa jumla umepungua kwa tani tano. Je, ekseli za kichwa cha lori zimepumzika? La. Zimeongezewa mzigo.

Sababu ni ile ile ya pembea ya watoto. Chumba cha mwisho kiko nyuma ya magurudumu ya tela, na kilipokuwa kimejaa kilikuwa kikiigandamiza ncha ya nyuma na hivyo kuinyanyua kidogo ile ya mbele. Ukikiondoa, ncha ya mbele inashuka kwa uzito juu ya kichwa cha lori. Ikiwa kitovu cha chumba hicho kiko mita moja na nusu nyuma ya ekseli za tela, na kutoka ekseli hizo hadi pini ya kuungia ni mita nane, basi zaidi ya kilo 900 zimehamia mbele. Dereva aliyetoka bohari akiwa hana kosa anakuwa mkosaji baada ya kushusha mzigo. Akianza na vyumba vya mbele, anaepuka hilo lakini anapata balaa jingine: magurudumu yanayosukuma yanakuwa mepesi, yanateleza kwenye mvua, na tela zito nyuma yake linataka kumwongoza yeye badala ya yeye kuliongoza. Kwa hiyo utaratibu wa kushusha unapaswa kupangwa siku ya kupakia, mtu akijua kituo cha kwanza ni kipi na kinataka mafuta gani. Mwenye kituo anayempigia dereva simu njiani na kumtaka aanze kwake hajui ameomba nini.

Aidha, mafuta si magunia ya saruji. Hutembea. Chumba kilichojaa karibu hadi juu hutulia, na kilicho kitupu hakina cha kutikisika. Kibaya ni kile cha nusu. Dereva akifunga breki, mafuta hukimbilia mbele na kulisukuma lori wakati lenyewe linataka kusimama. Akikata kona, hupanda ukuta wa upande wa nje na kuvuta gari zima kule linakotaka kuangukia. Kuta za ndani zenye matundu hupunguza mawimbi ya mbele na nyuma, lakini yale ya kushoto na kulia hayazuiliki sana. Wanaoishi upande huu wa jiji wanaijua mizunguko ya makutano ya Geldenhuys na Gillooly's, ambako gari dogo hupita kwa mwendo wa kawaida na lori la mafuta hulazimika kunyenyekea. Kikomo cha kilomita 80 kwa saa kilichowekwa kwa magari mazito ni cha barabara iliyonyooka. Kwenye kona kama zile, mwendo huo huo ni wa kuangukia ubavu.

Basi kwa nini tangi lisijazwe pomoni ili lisitikisike? Kwa sababu mafuta huvimba kwa joto. Petroli huongezeka takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzijoto moja. Lita 40,000 zilizopakiwa alfajiri ya baridi ya Johannesburg, zikipigwa jua hadi joto lipande kwa nyuzi kumi, zinadai nafasi ya lita 400 zaidi. Ndiyo maana huachwa nafasi tupu juu ya kila chumba, na anayeijaza nafasi hiyo kwa kisingizio cha kumsaidia tajiri anatengeneza mvua ya petroli kwenye vali za juu.

Upakiaji wenyewe una hatari isiyoonekana. Mafuta yakipita kwa kasi katika bomba huzaa umeme tuli, kama ule unaorusha cheche mtu anapovua sweta wakati wa kipupwe. Kwa hiyo kabla ya kufungua vali yoyote, waya wa kuunganisha lori na ardhi hufungwa kwanza, na ndio hufunguliwa mwisho. Mafuta huanza kuingizwa polepole hadi mdomo wa bomba uwe umefunikwa, kisha ndipo kasi huongezwa. Na inafaa kuashiria hapa kosa ambalo limewaunguza hata wazoefu: kutia dizeli katika chumba kilichokuwa na petroli safari iliyotangulia. Mtu hufikiri kwamba dizeli haishiki moto kwa urahisi, kwa hiyo haina neno. Lakini chumba kile kimejaa mvuke wa petroli, mzito kiasi cha kukosa hewa ya kuuwakia. Dizeli inapoingia huufyonza mvuke huo na kuupunguza hadi ufikie kiwango kinachoweza kulipuka, na dizeli hiyo hiyo ndiyo inayoleta umeme tuli. Dereva mwangalifu hukagua kila chumba kama kimekauka kabla ya kupakia, na sababu si usafi tu: mabaki ya lita 300 yaliyosahauliwa yatakuja kufurika juu, na pia yatapimwa kwenye mizani.

Je, makosa haya yote ni ya dereva? Kwa muda mrefu jibu la vitendo lilikuwa ndiyo, kwa kuwa ndiye aliyekutwa kwenye usukani. Kanuni za usafiri wa barabarani za Afrika Kusini zimebadilisha jambo hilo, angalau katika maandishi. Tangu mwaka 2015, anayetuma mizigo inayozidi tani 500 kwa mwezi anawajibika kuwa na njia ya kujua uzito wa gari na mzigo kabla halijaondoka, na mpokeaji naye haruhusiwi kupokea mzigo unaoletwa na gari lililozidisha. Kwa maneno mengine bohari haiwezi tena kusema kwamba kazi yake ni lita tu. Dereva kwa upande wake lazima awe na kibali maalumu cha kuendesha bidhaa za hatari, ambacho hakitolewi kwa aliye chini ya miaka 25.

Lakini maandishi ni jambo moja na usiku wa manane getini ni jambo jingine. Anayekataa kutoka na lori lililozidi ni mtu anayeweza kuambiwa ampishe mwingine. Ikiwa ni mgeni, hofu ni maradufu. Barabara hii ya Jules ilishuhudia magari ya wauzaji yakiteketezwa katika ghasia dhidi ya wageni za Septemba 2019, na katika miaka hiyo malori yalichomwa katika barabara ya N3 huku kukiwa na madai kwamba madereva wa kigeni wanawanyima wenyeji kazi. Mtu wa namna hiyo hapayuki mbele ya msimamizi wa zamu. Na akikamatwa kwenye mizani, tatizo la mafuta ni tofauti na la mahindi: huwezi kuteremsha magunia kumi kando ya barabara ukaendelea na safari. Ni lazima lije lori jingine tupu, pampu, na watu wenye ujuzi wa kuhamisha mafuta, na hadi hapo dereva hulala na shehena yake.

Uzito peke yake pia hauelezi kila kitu. Tarehe 24 Disemba 2022, katika mji wa Boksburg, ambao kutoka hapa Malvern si zaidi ya nusu saa kwa gari, lori lililobeba lita 60,000 za gesi ya kupikia lilikwama chini ya daraja karibu na hospitali ya Tambo Memorial. Gesi ilivuja, kisha ikalipuka. Watu 41 walifariki dunia, wakiwamo wahudumu wa hospitali waliokuwa kazini mkesha wa Krismasi. Anayehesabu kwa lita atadhani lile lilikuwa lori lililozidisha vibaya. Kumbe lita moja ya gesi hiyo ina uzito wa takriban nusu kilo tu, na mzigo wote ulikuwa kama tani 32, mwepesi kuliko lita 40,000 za dizeli. Kilichokosewa pale ni njia: tangi refu na daraja fupi. Dereva alikamatwa, kisha akaachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

Nimalizie kwa kisa kilichomtoa jirani yangu katika kazi aliyoipenda. Alipakia petroli lita 40,000 Dar es Salaam, mchana wa jua. Siku kadhaa baadaye alishusha Lubumbashi, alfajiri ya mwezi wa sita, wakati nyanda zile za juu zina baridi ya kuvaa koti. Fimbo ya kupimia ilionyesha upungufu wa lita mia nne na kitu. Mihuri ya vali ilikuwa mizima. Tajiri wake hakutaka kusikia habari ya joto na baridi. Aliona lita zimepungua, na kwake lita zikipungua kuna mwizi. Alikatwa mshahara, na mwaka haukuisha akaacha kazi.

Hesabu yake ni rahisi kwa aliyetusikiliza hadi hapa. Mafuta yakipoa kwa nyuzi 11 hivi, lita 40,000 husinyaa kwa kiasi hicho hicho alichodaiwa. Lita zilikuwa zimepungua kweli, lakini kilo zilikuwa zile zile. Laiti angekuwa na karatasi mbili, ya mizani ya kuondokea na ya mizani ya kufikia, angeziweka mezani na mjadala ukaisha, kwani petroli iliyoibwa hupunguza kilo na petroli iliyopoa haipunguzi. Wakati ule karatasi za mizani alikuwa akizitupa mara tu baada ya kuvuka, kwa furaha ya kuruhusiwa kupita.

Vijana wanaoleta matela gereji kwake hapa Johannesburg huwauliza jambo moja kabla hajagusa spana: karatasi yako ya mizani ya mwisho iko wapi? Wengi hupapasa mifuko. Wachache huitoa kwenye bahasha ya plastiki, nyuma ya kioo cha jua, ikiwa imekunjwa mara mbili na bado inasomeka.